KALAMU YENYE RANGI YA BAHARI

Bila shaka kalamu unayoandikia insha zako ni ya biro. Ukiipoteza leo, kesho unanunua nyingine dukani na mambo yanaendelea. Lakini je, wajua kwamba kuna kalamu zinazotengenezwa kwa idadi maalumu, na zikiisha zimekwisha? Mojawapo ilipewa jina la bahari. Hebu tuitazame.

Kampuni ya Pelikan ilianza mwaka 1838 huko Hannover, Ujerumani, ikitengeneza rangi na wino. Mwaka 1878 ilisajili picha ya ndege mwari kuwa alama yake. Naam, ni mwari yule yule mwenye mfuko chini ya mdomo tunayemwona Ziwa Nakuru! Mwaka 1929 ikatoa kalamu yake ya kwanza ya wino, na hadi leo kibanio cha kifuniko cha kalamu zake nyingi kina umbo la mdomo wa ndege huyo.

Mwaka 1993 kampuni hiyo ilitoa kalamu iitwayo Blue Ocean, yaani Bahari ya Buluu. Zilitengenezwa 5,000 tu kwa ulimwengu mzima. Nibu yake ni ya dhahabu, na mwili wake ni wa plastiki ya buluu inayopenyeza nuru. Rangi haikupakwa juu. Imo ndani ya plastiki yenyewe.

Bahari nayo haikupakwa rangi. Maji hunyonya nuru nyekundu upesi kuliko nuru ya buluu, kwa hivyo buluu ndiyo inayobaki kuyafikia macho yetu. Simama ufuoni Mombasa ujionee. Karibu nawe, penye maji machache na mchanga mweupe, rangi ni kijani cha zumaridi. Kule nje ya miamba, kwenye kilindi, ni buluu nzito.

Sasa, kalamu hii hufanyaje kazi? Nyuma yake kuna kifundo. Ukikizungusha, pistoni iliyo ndani hushuka. Unachovya nibu katika kidau cha wino, kisha unazungusha upande wa pili. Pistoni hupanda ikivuta wino, kama sindano ya daktari inavyovuta dawa. Unapoandika, wino hufuata ufa mwembamba wa nibu mpaka karatasini, jinsi mafuta ya taa yanavyofuata utambi wa koroboi. Hewa nayo huingia kidogo kidogo kushika nafasi ya wino uliotoka. Hewa isipoingia, wino hukwama.

Wako watu wanaonunua kalamu kama hizi na kuzifungia kabatini zisiguswe. Siwacheki, kwani hata mimi nilifanya hivyo. Nilipoingia kidato cha kwanza, babu yangu, aliyekuwa karani, alinipa kalamu yake ya wino. Haikuwa ya bei kubwa, lakini niliithamini mno hata sikuthubutu kuitumia. Niliijaza wino, nikaificha sandukuni. Muhula ukaisha, likizo ikapita. Kuja kuifungua, lo! Wino umekauka, ufa umeziba kabisa. Nikaichokora kwa pini, nibu ikapinda. Babu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, uliandika nini nayo?" Sikuwa na jibu.

Ewe msomaji, ukibahatika kupata kalamu ya wino, yashike haya. Kwanza, itumie mara kwa mara. Pili, ukijua hutaitumia kwa majuma kadhaa, mwaga wino na uisafishe kwa maji baridi mpaka yatoke meupe. Maji moto yanaweza kuiharibu. Tatu, usitie wino mzito wa kuchorea, maana huganda ndani. Nne, ikiziba iloweke majini usiku kucha, wala usithubutu kuichokora kwa pini kama mimi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kalamu ya wino mambo ni kinyume: ufa ukiziba, ndipo taabu inapoanza! Iwe ni moja kati ya 5,000 au ni ya babu yako, kalamu iliumbwa iandike. Basi chukua yako, uandike. Na wino wako usikauke!