Kabla ya kuomba musaada wa kuuza kahawa inje, tufungue kaye ya depo

Koperative mingi za kahawa huku Kivu zinaandika barua yenye kufanana: «Tunaomba mutusaidie tuuze inje sisi wenyewe.» Ombi hilo ni la haki. Mukulima wa Kalehe ao wa Idjwi anajua bei ya mukomersa wa kijiji, na amesikia kama kahawa ile ile inauzwa bei kali huko Ulaya. Lakini barua mingi hazifike mbali, hata kama kahawa iko muzuri. Mutu wa kutoa musaada akikuja kuangalia, anakosa kitu cha kusoma.

Kwanza tusikilizane: musaada huo kwa kawaida si feza za kugawa. Ni mafunzo ya jeran na komite, ni kuonjesha kahawa na kuipatia pointi (kuanzia 80 ku 100 wanunuzi wanaihesabu kahawa ya pekee), ni kutuma sampuli, ao ni mukopo wa kununua matunda mekundu wakati wa mavuno. Kwangu mimi, mukopo ule njo wenye maana zaidi. Memba akileta kahawa na kuambiwa «rudia wiki yenye kuja», watoto wake hawatangoja wiki. Usiku kahawa inavuka ziwa. Watu wamekufa mu Ziwa Kivu juu ya magunia ya kahawa, na hiyo ninyi munaijua kuliko mimi.

Makaratasi nitapita haraka. Tangu Congo iliingia mu OHADA mwaka 2012, sheria inajua namna mbili za koperative: ile nyepesi, SCOOPS, kuanzia watu 5, na ile yenye baraza la uongozi, COOP-CA, kuanzia watu 15. Asosiasyo ya kijiji yenye haikubadilisha statuti zake na kujiandikisha, haiko koperative mbele ya sheria, hata ikiwa na memba 800. Muongeze numero ya kodi, PV za mukutano mukubwa, na akonti ya benki ku jina la koperative. Si ku jina la prezida. Na kabla kahawa itoke mu inchi, ONAPAC (wazee wangali wanaiita ONC) inapaswa kupima ubora wake. Kama mutu anakuja kuwaomba dola mingi juu ya «kuwatengenezea dosye», mumuulize kila feza inalipwa ku biro gani na risiti iko wapi.

Sasa kaye. Mimi nikifika ku stasyo ya kuosha, siombe dosye ya mezani. Naomba kaye ya kupokelea kahawa, nachagua siku moja, halafu naenda kwa memba mumoja kuona kama karatasi yake iko na kilo zile zile. Kisha tunapiga hesabu. Karibu kilo 5 za matunda mekundu zinatoa kilo 1 ya parche kavu. Kama kaye inasema mulinunua tani 20 za matunda, depo inapaswa kuonyesha karibu tani 4 za parche. Tukikuta 3, ile tani moja ilienda wapi? Pengine mizani ya kupokelea haiko sawa. Pengine kulikuwa matunda mingi mepesi yenye kuelea, ao mududu. Pengine mutu alibeba. Koperative yenye inaweza kujibu swali hilo, hata kwa jibu lenye kuumiza, iko mbele kuliko ile yenye hesabu zake zote zinaangukia sawasawa bila mufuto hata mumoja. Kaye ya namna ile, mimi naiogopa.

Kilo zinaonyesha pia kama muko tayari kweli. Kontenere ndogo inabeba magunia 320 ya kilo 60, ni kusema tani 19,2 za kahawa yenye kukobolewa. Kwa kuzipata munahitaji karibu tani 24 za parche, basi tani 120 za matunda. Kama kila memba analeta kilo 400, ni memba 300 wenye kuleta kweli, si wenye majina tu ku liste. Koperative yenye haifike pale isione haya: koperative mbili ao zaidi zinaweza kufanya unio na kujaza kontenere pamoja. Ni vizuri kusema hivyo mu ombi kuliko kujaza liste na marehemu.

Na parche yenyewe ilindwe: unyevu kati ya 10 na 12 ku mia, magunia juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali na petroli. Kahawa inavuta harufu kama nguo.

Kuko na jambo lingine wanunuzi wa Ulaya wanauliza sasa, juu ya sheria yao mupya ya misitu. Siku yake ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini msingi wake ni wazi: kahawa isitoke mu shamba lenye pori lake lilikatwa kisha tarehe 31/12/2020. Kwa shamba lisilopita hektari 4, pointi moja ya GPS inatosha, na telefone ya kawaida inaweza kuipima. Koperative zenye kuwa karibu na Kahuzi-Biega ziangalie sana, maana shamba moja mbaya likichanganyika mu loti linaharibu loti nzima. Mukipima, muandike jina la mwenye kulima kweli. Mara mingi shamba ni la mama, ku liste kuko jina la bwana, na feza zikifika mama hajui.

Mavuno makubwa inaanza karibu mwezi wa 3. Kaye ya msimu moja muzima, na GPS za shamba zote, ni kazi ya kuanza kabla ya tunda la kwanza. Mukitualika, mutuonyeshe kaye ile ile ya depo, hata kama iko na matope. Musiikopi upya juu yetu.