Mwaliko Usiwe Ankara

Katika miji ya Tanzania, harusi nyingi huandaliwa kwa michango ya ndugu, jirani na wafanyakazi wenzao. Desturi hiyo ni njema, kwani harusi ni shughuli ya watu. Lakini siku hizi zipo kadi zinazoanza kwa maneno "Tunayo furaha kukualika", na kuishia kwa kiwango cha mchango na nambari ya simu ya kupelekea fedha. Asiyefikia kiwango, hata akiwa jirani wa miaka mingi, hukosa nafasi ukumbini.

Tunaonelea kwamba mambo hayo mawili yatengwe. Kadi ya mchango iseme wazi kuwa ni ombi, wala isitaje kiwango, ili hata mama muuza maandazi apate kutoa alichonacho bila kuona haya. Kadi ya mwaliko nayo izitaje familia zinazoalika, majina ya bwana na bibi harusi, siku na tarehe, mahali pa ndoa na mahali pa karamu. Saa iandikwe kwa hesabu yetu, yaani saa 8 mchana. Ikiandikwa 2:00 pekee humpoteza mgeni. Kama nafasi ni ya mtu mmoja, na isemwe kwa heshima.

Zaidi ya yote, jina la mwalikwa liandikwe kwa ukamilifu, pamoja na Bwana, Bibi, Mzee au Shehe. Aliyealikwa hivyo huja akijua kwamba anayetakiwa ni yeye, si mfuko wake.