Binti Anataka Kusomea Pwani

Asubuhi moja mzee wa kigango kimoja kilicho karibu na Ziwa Babati alifika katika ofisi ya parokia kuomba barua. Alisalimu, akaketi, akaweka kofia yake juu ya goti. Kisha akasema:

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya binti yangu. Amemaliza kidato cha nne. Anataka kwenda Bagamoyo kusomea mambo ya samaki na pwani. Sasa mimi nauliza, Babati tuna pwani gani? Niuze dume langu la ng'ombe ili mtoto akajifunze bahari, na bahari hatunayo?"

Watu huniita Mwalimu kwa sababu nilipita chuo cha ualimu, ijapokuwa kazi yangu sasa ni ukarani. Sikumjibu mzee upesi, maana swali lake si la mchezo. Dume la ng'ombe ni mali. Tena wazazi wengi wanalo swali kama hilo mioyoni mwao. Kwa hiyo niliyomwambia yeye nawaandikia na ninyi, wasomaji wapenzi.

UKINGO WA MAJI

Kwa Kiswahili pwani ni ya bahari. Ya ziwa twaiita ukingo au ufuko. Walakini kazi ya kuzitunza ni moja, kama vile kumtunza mbuzi na kumtunza kondoo.

Huko baharini iko mikoko, miti imeayo katika tope la maji ya chumvi. Mizizi yake hushika udongo, hupunguza nguvu ya mawimbi, na samaki wadogo hujificha humo wakue. Mtu akiikata yote kwa ajili ya kuni na boriti, mawimbi huila nchi na samaki hupungua. Katika ziwa letu hakuna mikoko, lakini kuna matete na majani ya ukingoni. Nayo hushika udongo, nayo huwaficha samaki wadogo. Mtu akiyafyeka apande nyanya, mvua ya kwanza hupeleka udongo wa shamba lake ziwani. Ziwa letu halina kina kirefu. Kila ndoo ya udongo iingiayo huchukua nafasi ya ndoo ya maji.

Wazee wa mjini wanakumbuka mwaka 1990. Ziwa lilijaa likapita kingo zake, maji yakaingia mji wa Babati, nyumba na mali zikaharibika. Baada ya hapo wataalamu walikuja kupima na kuuliza: Je, ni mvua tu, ama jinsi tulivyofyeka na kulima vilima vinavyolizunguka ziwa nako kuna sehemu yake? Kuuliza swali la namna hiyo na kulitafutia jibu kwa vipimo, si kwa kubahatisha, ndiyo kazi anayokwenda kusomea binti yule.

MAMBO YALIYOTOKEA BAHARINI

Kwa miaka mingi wavuvi wengine wa pwani yetu walivua kwa baruti. Baruti moja huua samaki wakubwa na wadogo pamoja, na kuvunja matumbawe, yaani yale mawe hai ya baharini ambamo samaki hukaa na kula. Mvuvi hupata kapu moja leo, na miaka mingi mbele hapati kitu mahali pale.

Serikali ilitunga Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu mwaka 1994. Mwaka uliofuata, 1995, kisiwa cha Mafia kikapata hifadhi ya bahari ya kwanza ya nchi yetu. Ikafuata ya Ghuba ya Mnazi na Mto Ruvuma huko Mtwara, mwaka 2000, na ya Silikanti huko Tanga, mwaka 2009.

Lakini sheria peke yake haiogelei. Huko Tanga, tangu mwaka 1994, ulikuwako mpango wa kutunza pwani ambao ulianza kwa kuketi na wanavijiji wenyewe. Wavuvi walifundishwa kuzama na miwani ya maji, kuhesabu samaki, na kuandika hali ya matumbawe. Kisha vijiji vikakubaliana miamba fulani ifungwe isivuliwe kwa muda. Mvuvi aliyehesabu samaki kwa macho yake mwenyewe haambiwi tena na mtu wa ofisini kwamba wamepungua. Anajua.

Mfano wa karibuni ni wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa huko kwa miezi mitatu, toka katikati ya Mei hata katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Jambo kama hilo linataka watu wawezao kuwaeleza wavuvi sababu yake, na kupima baadaye kama limefaa. Bila watu hao, amri huonekana kuwa njaa tu.

MAFUNZO YENYEWE

Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, unaoitwa FETA kwa ufupi, una vyuo Mbegani karibu na Bagamoyo, Nyegezi huko Mwanza, Kigoma, Mikindani, na Gabimori katika wilaya ya Rorya. Aliyemaliza kidato cha nne huanza na cheti, na kwa kawaida akiendelea vizuri hufika stashahada kwa miaka mitatu. Wapo wanaosoma usimamizi wa uvuvi, wapo wa ufugaji wa samaki katika mabwawa, na wapo wa kuhifadhi samaki wasioze.

Aliyemaliza kidato cha sita aweza kusoma shahada katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho pia kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja tangu mwaka 1978.

Tena hata walio kazini hupimwa upya. Chama cha wanasayansi wa Bahari ya Hindi ya Magharibi, WIOMSA, chenye makao yake Unguja, kilianza mwaka 2008 mpango wa kuwathibitisha wasimamizi wa hifadhi za bahari katika nchi za ukanda huu. Kuna ngazi ya askari na wafanyakazi wa doria, ngazi ya wakuu wa hifadhi, na ngazi ya wapangaji wa mambo makubwa. Mtu hapewi cheti kwa kuketi darasani tu. Huangaliwa kazi aliyokwisha kuifanya, hufanya mtihani, na hupaswa kukubali kanuni za mwenendo mwema. Jambo hilo la mwisho lilinipendeza sana. Mlinzi wa maji anayekula rushwa ya mwenye kokoro ni mbaya kuliko kukosa mlinzi.

Msidhani ni elimu ya vitabu tu. Kipimo kimoja ni kisahani kilichopakwa rangi nyeusi na nyeupe. Hushushwa majini kwa kamba, na pale kinapopotea machoni kamba hupimwa. Leo kimepotea mbali, baada ya mvua kimepotea karibu. Basi umejua ni kiasi gani maji yamechafuka. Kipimo kingine ni kupima tundu la wavu, kujua kama unaacha perege wadogo wapite au unawazoa wote.

SHAMBA LA MZEE

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia neno moja ambalo sikupenda kumwambia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au za kuharibu ukingo, ndani ya meta 60 toka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Nalijua shamba lake. Ana matuta ya vitunguu na nyanya kando kabisa ya maji, na ndiyo yaliyolipa karo ya watoto wake.

Alinyamaza kitambo. "Basi," akasema, "nauza dume langu ili mtoto asome, halafu arudi kunifukuza shambani?"

Sikuwa na jibu la kumfariji. Nilimwambia aje na binti yake siku ya pili. Walikuja. Binti alimwamkia baba yake na mimi kwa adabu, lakini maneno yake yalikuwa ya mtu mzima. Alisema, "Baba, lile tuta la chini tulilipanda mara tatu, na mara mbili maji yakalichukua. Sitaki kukufukuza. Nataka kujua tupande nini na wapi, tusipande bure." Nikamwuliza kwa nini Mbegani na si Nyegezi, maana Nyegezi ni kwa ziwa. Akajibu, "Ziwa nimelizoea. Bahari sijaiona."

Jioni ile walikwenda shambani, wakapima meta 60 kwa kamba. Shamba karibu lote lilikuwa ndani. Mzee alinieleza hayo mwenyewe Jumapili baada ya Misa. Hakufurahi. Walakini amekwisha kuacha matuta mawili ya chini yaote majani tena, na juu ya mpaka anachimba mashimo ya kupanda miembe. Matuta mengine angali anayalima, maana nyumba yataka kula. Barua ya binti niliiandika, ikapigwa muhuri. Mzee akaikunja akasema, "Na aende. Ila asirudi na pingu."

KWA WAZAZI

Mwenye mtoto apendaye kazi hii, ayafuate haya. Kwanza, mtoto ashike sana biolojia, kemia, hesabu na jiografia. Pili, ulizeni chuo chenyewe juu ya sifa, ada na mahitaji, wala msimpe fedha mtu aahidiye kuwapatia nafasi. Tatu, hesabuni ada pamoja na nauli na chakula kabla ya kuuza mnyama. Nne, jueni kwamba si kila ahitimuye huajiriwa na serikali. Wengine hufuga samaki, wengine hufanya kazi na vikundi vya wavuvi vinavyolinda mialo, vile viitwavyo BMU. Tano, msiwazuie mabinti, maana akina mama ndio wanaochota maji ya ziwa kila siku, na wao ndio wa kwanza kuona yakiharibika.

Maji yetu ya Babati hayafiki baharini. Yakiharibika, yataharibikia hapa hapa mbele ya macho yetu. Basi yafaa tuwe na watu wetu wenyewe wanaojua kuyatunza, hata kama itatubidi kwanza tuwasikilize watoto wetu wakituambia tusogeze jembe.