Vita vya Pete: Ushindani wa Watengenezaji wa Kamera Zisizo na Kioo

Wahenga walinena kwamba ukipenda boga, penda na ua lake. Katika soko la kamera, boga ni kiwiliwili cha kamera na ua ni lenzi zake. Makala haya yanaeleza jinsi kampuni za kamera, nyingi zikiwa za Japani, zilivyoingia katika ushindani wa kamera zisizo na kioo zenye fremu kamili, na kwa nini kiini cha ushindani huo ni pete ya chuma inayofungiwa lenzi.

Kwanza, istilahi zenyewe zahitaji ufafanuzi. Kihisi ni kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu ya zamani. Kihisi cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, kipimo kile kile cha picha moja katika filamu ya milimita 35. Kioo nacho kilisimama mshazari nyuma ya lenzi na kuupeleka mwanga kwenye kitundu cha kuchungulia. Kila picha ilipopigwa, kioo kiliinuka kisha kikashuka. Katika kamera mpya kioo kimeondolewa, na mpigapicha hutazama kiwambo kidogo cha elektroniki.

Kioo kilihitaji nafasi ya kuinukia. Ndiyo maana pete ya Nikon ya mwaka 1959 ilikuwa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, na ile ya Canon ya mwaka 1987 milimita 44. Kioo kilipotoweka, umbali huo ulipungua: Sony milimita 18, Nikon 16 na Canon 20. Wabunifu wa lenzi wakapata uhuru mpya. Hata hivyo, pete mpya ilidai lenzi mpya, na hapo ndipo penye mzizi wa fitina.

Sony, iliyochukua shughuli za kamera za Konica Minolta mwaka 2006, haikuwa na hazina kubwa ya lenzi ya kuilinda. Mwaka 2011 iliwafungulia watengenezaji wengine maelezo ya msingi ya pete yake, na mwaka 2013 ikatoa α7 na α7R. Leica M9 ya mwaka 2009 ilikuwa na fremu kamili bila kioo, lakini lenzi zake zililengwa kwa mkono. Za Sony zilijilenga zenyewe. Canon na Nikon, zilizokuwa na wateja wenye lenzi za miongo mingi, zilisubiri miaka mitano. Agosti 2018 Nikon ilitangaza Z 7 na Z 6. Septemba Canon ikatangaza EOS R. Mwezi huo huo Panasonic, Sigma na Leica ya Ujerumani ziliungana kutumia pete moja. Aidha, Canon na Nikon zilitoa adapta za kuunganishia lenzi za zamani, ili wateja wao wasihame.

Ushindani ulizidi makali kwa sababu soko lilikuwa limesinyaa. Mwaka 2010 watengenezaji walisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 9. Simu za mkononi zilikuwa zimewachukua wanunuzi wa kawaida. Mteja aliyebaki akawa wa thamani kubwa zaidi, kwani hununua lenzi baada ya lenzi.

Anayebeba mzigo ni mpigapicha. Kiwiliwili cha kamera hubadilishwa baada ya miaka michache, ilhali lenzi nzuri hudumu miongo. Mwenye lenzi nne za pete moja hahami bila hasara. Canon iliporuhusu lenzi za Sigma na Tamron za kujilenga katika pete yake mpya mwaka 2024, ilianza na zile za kihisi kidogo tu.

Kwa hiyo, anayenunua kamera hachagui chombo kimoja, bali ukoo mzima wa vyombo. Kabla ya kulisifu boga, yampasa kuuliza bei ya ua, na ni nani wanaoruhusiwa kulikuza.