Linux ya Megabaiti Nane

Wengi mmeuliza zile kelele za maabara ya kompyuta zilihusu nini. Zilihusu ruta kuukuu iliyokuwa itupwe. Kumbukumbu yake ya kudumu ni megabaiti 8 tu, ilhali Linux ya kompyuta za kawaida hula maelfu! Basi tuliijenga upya tukitumia OpenWrt, mradi ulioanza mwaka wa 2004, tukiacha kila kisichohitajika.

Kinachosaidia sana ni BusyBox, iliyotungwa na Bruce Perens mwaka wa 1995 ili Debian iweze kuwashwa kutoka diski moja ya flopi. Mamia ya amri hukaa ndani ya programu moja ndogo. Isitoshe, mfumo wenyewe hubanwa na kuwa wa kusomwa tu. Mabadiliko huandikwa kando. Kwa hivyo stima ikipotea ghafla (nanyi mwaijua Nakuru wakati wa mvua) mfumo hauharibiki.

Mimi nilipunguza kupita kiasi, nikaondoa hata kiendeshi cha mtandao. Taa iliwaka lakini ruta ikawa bubu. Mwalimu akacheka, "Wewe umepunguza mpaka roho!" Tuliifufua kwa nyaya tatu tulizounganisha kwenye bodi yake. Sasa iko maktabani.