Unaenda Tanzania? Usimlipe mtu visa ambayo haipo

Jumamosi binamu yako anaoa Arusha. Jumanne usiku unapata ujumbe kutoka kwa mtu anayejiita wakala wa usafiri: "Visa ya Tanzania, siku 2 tu. Tuma 4,500 kwa hii nambari, nafasi zinaisha." Harusi imekaribia, hujawahi kuvuka mpaka, na kidole tayari kiko kwenye menyu ya kutuma pesa.

Simama hapo kwanza. Mkenya hahitaji visa kuingia Tanzania. Kenya na Tanzania ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mgeni kutoka nchi mwanachama hupewa pasi ya matembezi mpakani, bila malipo, ya hadi miezi 6. Hiyo 4,500 ni afadhali iende kwa bibi harusi.

Unachohitaji hasa

Wengi huchanganyikiwa kwa sababu ya Uganda na Rwanda. Tangu 2014, Mkenya anaweza kuingia nchi hizo mbili kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo kwenye mpango huo. Ukifika Namanga na kitambulisho peke yake, unaweza kurudishwa huku wenzako wakiendelea na safari. Kwa hivyo jipange na haya:

- Pasipoti. Hakikisha imebakisha angalau miezi 6. Kama huna, kuna kibali cha muda cha kusafiria ndani ya Afrika Mashariki, ambacho huombwa kupitia eCitizen.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huu, kwa hivyo maafisa wa afya mpakani hukiuliza. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kudungwa, kwa hivyo usingoje wiki ya safari. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha. Ukidungwa mara moja, umemaliza.
- Karatasi za mtoto. Mtoto naye anahitaji hati yake ya kusafiria. Kama unasafiri naye bila mzazi mwenzako, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini.

Jambo moja zaidi: pasi ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi. Ukienda kuajiriwa au kufungua duka, hicho ni kibali kingine kabisa.

Namanga, hatua kwa hatua

Tangu Desemba 2018, Namanga ni kituo cha pamoja cha mpakani. Ukitoka Kenya unahudumiwa upande wa Tanzania: afisa wa Kenya anakugongea muhuri wa kutoka, halafu wa Tanzania anakugongea wa kuingia, ndani ya jengo hilo hilo. Usikubali mtu wa nje achukue pasipoti yako ati akuharakishie foleni. Na usiondoke kabla ya kuangalia muhuri wako na siku ulizopewa.

Lipa mahali pa kulipa

Ukiomba pasipoti au kibali, fungua eCitizen mwenyewe. Ukimaliza fomu, mfumo utakupa kiasi na nambari ya akaunti. Malipo ya serikali huenda kwa Paybill 222222, si kwa nambari ya simu ya mtu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Likiwa la mtu binafsi, kata.

Vivyo hivyo kwa cheti cha chanjo. Anayekuuzia kadi bila sindano amekuuzia karatasi tu, na mwenye kuulizwa mpakani ni wewe, si yeye.

Na kama umeshatuma? Usianze kubishana na mkora kwa simu. Omba pesa zirudishwe mara moja kupitia huduma kwa wateja, kwa sababu akishazitoa ni vigumu kuzipata. Usifute ujumbe wa muamala. Nenda nao kituo cha polisi ukaripoti.

Pesa ya safari

Tanzania inatumia shilingi yake, na tangu 2025 sheria huko inakataza bidhaa na huduma za ndani kulipiwa kwa pesa za kigeni. Badilisha pesa zako benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, si kwa kijana anayekufuata na bunda mkononi. Kama unataka kutumia laini yako ukiwa huko, piga simu huduma kwa wateja kabla ya kuondoka uulize kama imefunguliwa kutumika nje ya nchi na itakugharimu ngapi. Ukigundua imefungwa ukiwa tayari Arusha, umechelewa.

Na ukibeba pesa taslimu za thamani ya dola 10,000 au zaidi, sheria ya Kenya inataka uzitangaze kwa maafisa wa forodha.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote kwa sababu ya safari, jiulize maswali mawili: hiki kitu kinahitajika kweli? Na nani anapaswa kupokea hii pesa? Usipopata jibu, usiweke PIN. Harusi itakungoja dakika kumi za kuuliza. Pesa ikishaenda kwa mkora haikungoji.