Betri zikivuja, nani alipe chombo kilichoharibika?

Mkodishaji wa vyombo vya muziki anayenunua betri za vipaza sauti visivyo na waya hategemei kwamba bidhaa ya bei ndogo kuliko zote katika sanduku lake ndiyo itakayomtia hasara kubwa kuliko zote. Vyombo vinarudi stoo Jumapili usiku baada ya harusi, vinakaa wiki tatu, vinatolewa tena kwa kazi nyingine. Kifuniko kinapofunguliwa ndani kuna unga mweupe, springi zimeliwa na kutu ya kijani, na kipaza sauti hakiwaki.

Yanayompata yeye humpata pia muuza viungo mwenye mizani ya dijitali, mwenye duka la dawa anayepima wateja shinikizo la damu, hata fundi wa umeme na mita yake. Wengi hurudi dukani kudai betri mpya, na muuzaji hutoa bila ubishi mkubwa, kwani betri mbili hazimfilisi mtu. Ugomvi huanza pale mteja anapoweka chombo kilichokufa juu ya kaunta na kutaka kilipwe hicho.

Jibu la kawaida madukani ni kwamba duka liliuza betri, halikuuza kipaza sauti. Jibu hilo lina nguvu kaunta, lakini mbele ya sheria ni dhaifu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa ya aina fulani aiuze ikiwa na ubora unaostahili kuuzwa na inayofaa kwa kazi yake. Betri haina kazi nyingine zaidi ya kuwekwa ndani ya chombo. Aliyeiuza hawezi kusema hakujua kwamba ikimwaga maji yake itaharibu kitu kilichoizunguka. Aidha, sheria hiyo haimuulizi mnunuzi kama ni mlaji wa nyumbani au ni mfanyabiashara mwenzake.

Mpaka wa fidia ndio unaowachanganya wengi. Tuseme kipaza sauti kilikuwa na thamani ya shilingi 400,000, na kwa kukikosa mkodishaji akapoteza harusi ya shilingi 600,000. Je, adai milioni moja? Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinatoa fidia kwa hasara inayotokea kwa kawaida kutokana na kuvunjwa mkataba, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea. Hasara ya mbali haimo. Chimbuko lake ni kesi ya Hadley na Baxendale iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1854. Wenye kinu cha kusaga nafaka mjini Gloucester walivunjikiwa mtaimbo wa mashine, wakawapa wasafirishaji waupeleke Greenwich ukatumike kama kielelezo cha kutengenezea mwingine. Wasafirishaji walichelewa na kinu kikasimama. Mahakama ilikataa kuwatoza faida iliyopotea, kwa kuwa hawakuwa wameelezwa kwamba kinu hakina mtaimbo wa akiba.

Kwa mizani hiyo, shilingi 400,000 za kipaza sauti zinadaiwa vizuri, tena kwa thamani ya chombo kilichokwisha kutumika wala si bei ya kipya. Na kama fundi anaweza kukitengeneza kwa 80,000, basi dai ni hizo 80,000. Shilingi 600,000 za harusi ni ngumu, isipokuwa kama muuzaji aliambiwa wakati wa kuuza kwamba betri ni za kazi fulani siku fulani. Nani huyaeleza hayo akinunua betri?

Muuzaji naye ana hoja, na si ya kupuuzwa. Betri za alkalaini hutengeneza gesi ya haidrojeni zinapoisha nguvu. Gesi ikizidi, kizibo huachia na maji makali ya haidroksidi ya potasiamu hutoka. Yakikutana na hewa hugeuka ule unga mweupe. Zile za bei nafuu, za zinki na kaboni, zina ubaya wa aina yake: kopo la zinki ndilo linaloliwa kadiri umeme unavyotoka, hivyo betri iliyotumika sana hutoboka. Kwa hiyo betri nzima kabisa, ya kampuni nzuri, yaweza kuvuja kwa sababu mteja aliisahau ndani ya chombo miezi kadhaa, alichanganya mpya na ya zamani, au aliweka moja kichwa chini. Joto nalo huharakisha mambo, na stoo za Dar es Salaam zina joto la kutosha.

Ndiyo maana madai haya huamuliwa na ushahidi kuliko vifungu. Betri iliyovuja kabla ya tarehe iliyoandikwa ubavuni mwake, ikiwa na wenzake wa pakiti moja, ikiwa bado na nguvu, inamweka muuzaji pabaya. Betri moja iliyokufa, isiyo na pakiti, iliyokutwa na nyingine ya jina tofauti, inamwokoa. Anayenuia kudai apige picha kabla ya kusafisha chochote, atunze betri na pakiti, kisha apate maandishi ya fundi yanayosema nini kimeharibika na matengenezo yatagharimu kiasi gani.

Risiti ni jambo la kwanza. Tangu mashine za EFD zilipoanza kutumika Tanzania mwaka 2010, risiti imeonekana kama suala la kodi tu, ilhali ndiyo inayothibitisha duka, siku na bei. Yale maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yanayochapwa chini yake hayana uzito ambao wenye maduka huyapa. Yakionekana baada ya fedha kulipwa, wakili wa mnunuzi atasema hayakuwa sehemu ya makubaliano. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya kupotoshwa kuhusu haki zake.

Wauzaji wengi wa rejareja wanajiponza wenyewe hapa. Kufungua pakiti na kuuza betri moja moja kunavuta wateja, lakini namba ya toleo, na mara nyingine tarehe, hubaki kwenye karatasi iliyotupwa. Muuzaji anayelipa fidia ana haki ile ile dhidi ya duka la jumla lililomuuzia, na duka la jumla dhidi ya mwagizaji. Asiye na ankara wala namba ya toleo hana wa kumgeukia. Hasara inakomea kwake. Mzigo ukiwa wa bandia hali ni mbaya zaidi, kwani watengenezaji wa majina makubwa hulipia bidhaa zao halisi tu. Duracell, inayomilikiwa na Berkshire Hathaway tangu 2016, huahidi kutengeneza au kubadilisha chombo kilichoharibiwa na betri yake yenye kasoro, mradi kipelekwe pamoja na betri hizo.

Mwekezaji mdogo ana sababu ya kulitazama soko hili. Eveready ya Kenya iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 9.50 za Kenya, na watu waliomba nyingi kupita zilizokuwapo. Mwaka 2014 ilifunga kiwanda chake cha Nakuru, ikilalamikia betri rahisi kutoka nje. Betri ya bei ya kutupa inayovuja ndani ya mizani ya mtu haihesabiwi katika bei ya rafu, lakini kuna anayeilipia.

Kenya sasa imerahisisha njia. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inataja fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa, na Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa kwanza Milimani mwaka 2021, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya na kutakiwa kuyamaliza kwa siku 60. Tanzania, mlalamikaji huanza na barua kwa duka, ikitaja kiasi na siku za kujibu, yenye nakala ya risiti na maandishi ya fundi. Likikaa kimya, mlaji huenda Tume ya Ushindani au mahakamani. Wengi humalizana kabla ya hapo kwa muuzaji kubeba gharama za fundi, hasa mteja akiwa ni wa kila mwezi. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka 6, ila betri yenyewe haingoji: ikiachwa ndani ya chombo huendelea kukila, na muuzaji atakuwa na haki ya kukataa kulipia uharibifu ulioongezeka baada ya mteja kuuona.